Mnamcheka Aliyempeleka Mama, Mnamcheka na Anayemuuguza: Leo Tuongee Nyumba za Wazee

Najua Ijumaa hapa huwa tunakula udaku: nani kaachwa, nani kahongwa gari, nani karudisha gari. Leo udaku upo, ila mnivumilie kidogo, naupeleka sehemu ambayo hamjazoea.

Wiki hizi mbili mitandaoni kuliwaka mara mbili. Mara ya kwanza aliwashiwa moto kaka mmoja wa Bongo Fleva. Simtaji, na nyie kwenye komenti msimtaje, atakayetaja nafuta. Kuna mtu alimpiga picha mama yake huyo kaka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, barazani kwenye nyumba moja binafsi ambayo wagonjwa na wazee wanalala na kuhudumiwa na manesi. Picha ikasambaa. Povu lililomwagika pale, Mungu wangu! "Hela ya cheni anayo, ya kumtunza mama hana." "Laana hiyo inakuja." "Sisi Waafrika hatuna utamaduni huo." Mpaka watu ambao nina uhakika hawajawapigia mama zao tangu Sikukuu nao walikuwa wanalaani.

Mara ya pili ilikuwa zamu ya dada mmoja aliyewahi kung'aa kwenye video za muziki, zile enzi kila wimbo lazima yeye atokee. Siku hizi yuko Marekani. Kikavuja kipande cha video, dada kavaa sare za kazi za bluu, anamsukuma bibi wa Kizungu kwenye korido, wanacheka wote wawili. Huku nyumbani ikawa sherehe. "Kumbe anaosha vizee!" "Alituringishia Marekani kumbe kazi yenyewe kubadilisha pampasi."

Mimi kazi yangu kusoma komenti, nyie mnajua. Nikaanza kuona majina yaleyale. Dada aliyeandika "laana" kwa kaka wa watu ndiye huyohuyo aliyebandika vikatuni vya kucheka kwa dada wa watu. Sasa nikajiuliza. Kumpeleka mzazi pale ni laana, na kumhudumia mzee pale ni aibu. Haya, mgonjwa aoshwe na nani?

Hili swali kwangu halikuanzia Instagram. Lilianzia nyumbani kwetu Tandika.

Mwaka juzi bibi yangu, anayemzaa mama, alipata kiharusi. Alikuwa mzima kabisa, asubuhi kapepeta mchele, jioni mdomo umeenda upande na mkono wa kulia umelala. Tukamkimbiza hospitali, wakampokea, wakamtibu, presha ikashuka. Siku ya tisa daktari akasema hali imetulia, anapewa ruhusa.

Kwetu neno "ruhusa" ni neno la furaha. Mama alipiga simu kwa ndugu wote, watu wakaanza kushukuru. Halafu tukapewa mfuko wa dawa, karatasi, na bibi mwenyewe. Ana mpira wa mkojo. Upande wa kulia haufanyi kazi. Akinywa maji anapaliwa. Anachotamka hakieleweki. Nesi alimwelekeza mama kama dakika kumi hivi, huku wagonjwa wengine wawili wanamwita. Wala simlaumu yule nesi, wodi ilikuwa imejaa na kitanda cha bibi kilikuwa kinasubiriwa na mtu aliyelala kwenye machela. Tukamlaza bibi kwenye Noah ya jirani, tukarudi.

Jioni ikaitwa kikao cha ukoo. Wajomba wakaja, kila mtu na shati lake la heshima. Mjomba mkubwa akasema kwa sauti nzito, "Mama hawezi kulelewa na mtu baki wakati sisi tupo." Wote wakaitikia. Mnataka kujua hiyo "sisi" ilikuwa nani? Ilikuwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka 21, anasoma ushonaji, amebakiza miezi minne amalize. Akaambiwa asimame kwa muda. Huo muda ulikuwa miezi 11. Mama naye akafunga genge lake la mboga, akawa anafungua siku mbilimbili. Wajomba walikuwa wanatuma hela kwa simu wakikumbuka, na wakituma wanapiga kuuliza kama imefika, hapohapo wanauliza "mama anaendeleaje", simu inakatika.

Wiki ya tatu mdogo wangu akaona wekundu chini ya mgongo wa bibi. Baada ya siku chache ngozi ikafunguka. Kikawa kidonda, kina harufu.

Mimi nina mama mdogo yuko Marekani, Texas, mwaka wa 12 sasa. Nikampigia kwa video.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Geuza simu, nionyeshe mgongo wa mama."

Nikageuza. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Wamewaambia mumgeuze kila baada ya saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Au labda lilikuwa ndani ya zile dakika kumi, likapita na kelele za wodini. Mama mdogo akaanza kutufundisha palepale kwenye simu, saa ya huko ikiwa usiku mkubwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mto katikati ya magoti. Visigino vinyanyuliwe visilalie godoro. Shuka livutwe lisiwe na mikunjo. Akila akae wima, na baada ya kula abaki amekaa nusu saa, kwa sababu chakula kikienda njia ya hewa kinaweza kuleta nimonia, na nimonia inaua wengi waliosalimika na kiharusi. Na kidonda kile kikaoshwe na muuguzi, siyo cha kupaka asali na kuomba.

Alipomaliza akasema kitu ambacho sijakisahau. "Mimi muda huu niko kazini. Nimetoka kumgeuza mama wa watu. Mama yangu mimi ana kidonda."

Halafu akaongeza, "Ingekuwa huku, hospitali isingemtoa moja kwa moja nyumbani. Angekuja kwanza kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kazini kwangu."

Nikamwambia mama mdogo, si kule ni kwa wazee waliotelekezwa? Akacheka. Akaniambia kwenye korido yake kuna vyumba vya watu ambao watakaa mpaka wafe, ni kweli. Lakini kuna vyumba vingine vya watu wa wiki mbili, wiki tatu, mwezi. Mtu kavunjika nyonga, kafanyiwa operesheni, anakuja kufundishwa kutembea. Mtu kapata kiharusi, anakuja kufundishwa kumeza, kushika kijiko, kupanda ngazi. Akiiva anarudi kwa watoto wake. Na watoto wake nao wanaitwa wanafundishwa jinsi ya kumshika.

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Mimi elimu yangu mnaijua, kidato cha nne na bando. Ila bando ukilitumia vizuri unajifunza mengi.

Kumbe hizi nyumba zimebadilika sana. Zamani Marekani mzee maskini asiye na mtu alikuwa anapelekwa kwenye nyumba za maskini zilizoendeshwa na serikali za mitaa. Humo humo maskini, humo humo wagonjwa wa akili, humo humo wazee. Ilikuwa aibu kweli, na hofu yetu sisi inafanana sana na ile ya kwao ya wakati huo. Mwaka 1935 ikaja sheria ya hifadhi ya jamii, wazee maskini wakaanza kupata hela za matumizi. Lakini sheria ilisema anayeishi kwenye taasisi ya serikali hapati. Basi watu binafsi wakafungua nyumba zao, mzee anaingia na hela yake. Mwaka 1954 serikali ikaanza kusaidia ujenzi wa nyumba za namna hiyo, zikajengwa zinafanana na hospitali: korido ndefu, vitanda, meza ya manesi. Mwaka 1965 zikaja bima mbili, Medicare ya wazee na Medicaid ya watu wa kipato cha chini. Hela ikaingia, nyumba zikaongezeka kama uyoga.

Lililogeuza kila kitu ni la mwaka 1983. Mwanzoni hospitali ilikuwa inalipwa na Medicare kulingana na gharama zake, kwa hiyo mgonjwa akikaa siku nyingi hospitali haipati hasara. Mwaka huo serikali ikabadilisha, ikasema tutalipa kiwango maalumu kulingana na ugonjwa. Ukimkalisha siku 5 au siku 15, hela ni ileile. Unadhani hospitali zikafanyaje? Zikaanza kuwatoa watu mapema. Watu wakawa wanatoka bado wagonjwa. Na nyumbani hawawezi kwenda. Wakaenda kwenye zile nyumba za wazee.

Hapo nyumba ya wazee ikageuka kuwa nyumba ya uuguzi. Daraja kati ya wodi na kitanda chako. Mpaka leo Medicare mtu akishalazwa hospitali angalau siku tatu na akahitaji uuguzi au mazoezi, inaweza kumlipia kwenye nyumba hizo mpaka siku 100, siku 20 za mwanzo ikilipa yote. Lakini ukitaka kukaa moja kwa moja haikulipii. Hapo ni mfuko wako, zaidi ya dola 8,000 kwa mwezi sehemu nyingi, na hela ikikuishia kabisa ndipo Medicaid inakupokea.

Sasa msije mkasema nimelipwa kuzipigia debe. Nyumba hizo zina madudu yake. Kulikuwa na enzi wazee wanafungwa kwenye vitanda na viti ili wasisumbue. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1987 kuwapa wakazi haki zao, kuzuia kuwafunga ovyo, na kulazimisha wasaidizi wa uuguzi wafundishwe angalau saa 75. Halafu ikaja korona. Moja ya sehemu za kwanza kabisa Marekani ugonjwa ulipolipuka ilikuwa nyumba ya uuguzi kule Kirkland, jimbo la Washington, mwezi wa pili 2020. Mpaka mwanzoni mwa 2022 wakazi na wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa nyumba za kutunzia wazee na wasiojiweza walikuwa wamekufa nchi nzima. Mama mdogo alizika wenzake watatu kwa njia ya simu. Hata kabla ya hapo Medicaid ilishaanza kutumia hela nyingi zaidi kuwahudumia watu majumbani kuliko kwenye nyumba hizo, na baada ya korona wengi ndiyo wakazidi kutaka kubaki kwao. Ila ili ubaki kwako lazima aje mtu anayejua anachofanya.

Kwa hiyo wenzetu wametoka kwenye nyumba ya maskini, wakaenda kwenye kihospitali cha wazee, wakaenda kwenye daraja la kupona, na sasa wanavuta lile daraja liingie mpaka chumbani kwa mgonjwa. Sisi tumebaki tunagombania neno "laana".

Njooni nyumbani Tanzania. Makazi ya wazee ya serikali tunayo. Nunge kule Kigamboni, Funga Funga pale Morogoro, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Hayo yapo kwa ajili ya mzee asiyejiweza na asiye na ndugu wa kumtunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba mzee atunzwe na familia na jamii yake, makazi ni hatua ya mwisho. Mimi sina ugomvi na hilo. Bibi yangu nisingetaka aishi mbali na sisi.

Lakini bibi hakuhitaji mahali pa kuishi. Alihitaji wiki sita. Wiki sita za mtu anayejua kumgeuza, kumlisha, kumnyoosha mkono, na kumfundisha mdogo wangu afanyeje akirudi. Makazi ya serikali siyo ya kwake kwa sababu ana watoto saba. Hospitali siyo ya kwake kwa sababu kitanda kinahitajika. Nyumba binafsi za uangalizi zipo chache hapa mjini, nilienda kuuliza bei, nikashukuru, nikaondoka taratibu. Wapo manesi wanaokuja nyumbani, wengine wanajitangaza Instagram, na wengi hatujui tuwaamini vipi.

Kwa hiyo katikati pale, kati ya hospitali na nyumbani, sisi tumeweka nini? Tumeweka binti. Kila familia ina binti wake. Kama siyo mjukuu ni mkwe, kama siyo mkwe ni dada wa kazi aliyetoka kijijini juzi, analipwa kupika na kufua, ghafla amekuwa nesi wa zamu ya saa 24. Hana zile saa 75. Hana hata saa moja. Akikosea, anasemwa. Akipatia, tunasema "Waafrika tunatunza wazee wetu."

Wadau, nani anatunza? Tutaje majina, siyo ya mastaa, ya nyumbani kwetu.

Nirudi kwa yule dada wa video. Mnasema anaosha vizee. Mnajua Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa watu wa kazi hiyo mpaka Februari 2022 wakafungua viza maalumu kwa wahudumu wa wazee kutoka nje? Watu wakaenda kwa maelfu, na Waafrika wengi tu. Halafu tarehe 11 Machi 2024 wakakataza wahudumu wapya kwenda na familia zao. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri wapya kutoka nje. Yaani ni kazi ambayo nchi kubwa inaitungia sheria, inafungua mlango, inafunga mlango, bunge linakaa linabishana. Huku kwetu ni kichekesho cha Ijumaa.

Na mngejua kazi yenyewe. Mama mdogo mgongo umeshamwambia ukweli. Anainua watu wenye kilo 90. Kuna siku yuko na watu 12 peke yake kwa sababu wenzake wawili hawakuja. Kuna mzee anamwita jina la mke wake aliyekufa, na mama mdogo anaitika, kwa sababu ukimwambia ukweli analia upya kama kafiwa leo. Kuna mwingine alimtukana rangi yake mwaka mzima, na alipokuwa anakata roho aliomba mkono wa huyohuyo. Mimi nikimsikiliza naona anajua kitu ambacho kwenye ukoo wetu wote hakuna mwingine anayekijua. Na ameenda kukijulia mbali na mama yake.

Ndiyo maana yule kaka wa Bongo Fleva mimi simlaani. Sijui yaliyomo ndani ya familia yake, labda kweli kamtupa, labda anaenda kila siku jioni bila kamera. Picha moja ya barazani haisemi. Ila nikiiangalia ile picha kwa macho ya mtu aliyekaa na mgonjwa, naona vitu vingine. Mama kakaa wima. Mto uko upande ulioelemewa. Miguu imekanyaga pale pa kukanyagia, haining'inii. Kuna mtu pale anajua kazi yake. Nimeona wazee wako nyumbani kwa watoto wao, chumba cha uani, pazia limefungwa, na hakuna aliyewapiga picha akaandika laana.

Kuhusu bibi, najua mtauliza. Mama mdogo alituma hela ya nesi mstaafu anayekaa mitaa ya kwetu, akawa anakuja mara tatu kwa wiki. Kidonda kilichukua karibu miezi minne kufunga. Mtu wa mazoezi ya viungo alikuja mara chache, akamwelekeza mdogo wangu, na mdogo wangu akayashika yale mazoezi kama alivyokuwa anashika mkasi wa kitambaa. Bibi sasa anakaa mwenyewe, anakula kwa mkono wa kushoto, na maneno yamerudi, hasa matusi. Mimi ananiita mume wake, na nikichelewa kurudi ananiuliza ni mwanamke gani huyo. Mdogo wangu amerudi kwenye cherehani. Wenzake aliokuwa nao darasani wana wateja tayari. Yeye anaanza.

Huo mwaka wake mmoja ndiyo bei ya matunzo ya bibi. Hakuna aliyeiandika popote. Wajomba wakihesabu michango yao hawaiweki.

Nchi imepitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwaka 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Mimi naomba wenye nafasi zao wakati wanapanga wamkumbuke mgonjwa wa wiki sita. Siyo lazima tujenge majengo ya Texas. Hata wodi ndogo ya kujifunzia kurudi nyumbani kwenye hospitali ya wilaya, hata nesi wa mtaa anayelipiwa na bima aje mara mbili kwa wiki, hata mafunzo ya siku tatu kwa yule binti kabla hajakabidhiwa mtu mzima. Sisi wenye kurasa zenye wafuasi tukisukuma hili kama tunavyosukuma kiki, litasikika.

Wakati tunasubiri, kama una mgonjwa anakaribia kuruhusiwa, usikubali kutoka na mfuko wa dawa tu. Uliza haya, yaandike kwenye simu, na mrekodi nesi akikubali:

Anameza salama, au anapaliwa? Chakula kiwe laini kiasi gani?

Ageuzwe kila baada ya saa ngapi, na mtuonyeshe kwa vitendo, siyo kwa maneno.

Mpira wa mkojo unabadilishwa lini na nani?

Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na tukimuumiza tutajuaje?

Dalili gani tukiziona tusisubiri asubuhi?

La sita siyo la daktari, ni la kikao cha ukoo. Kabla mjomba hajasema ile sentensi yake ya sauti nzito, mtu achukue karatasi aandike zamu. Usiku wa Jumatatu nani. Jumanne nani. Nani anaacha shule au kazi, na akiacha analipwa shilingi ngapi kwa mwezi na nani. Karatasi ikijaa, sawa, mlee nyumbani na Mungu awabariki. Karatasi ikibaki na jina moja la binti wa miaka 21, basi msijidanganye kwamba familia inatunza. Tafuteni mtu wa kulipwa au mahali pa kulipiwa, na mtu yeyote asiwaambie kitu.

Uwanja wenu sasa. Kwenye komenti leo sitaki "laana", hiyo tumeshaisoma. Niandikie kwenu mgonjwa alilelewa na nani, kwa miezi mingapi, na huyo mtu aliacha nini. Kama huyo mtu ni wewe, andika pia, tukusome. Na kama unamjua nesi mzuri wa kuja nyumbani, weka mtaa wake tu, namba msiweke hadharani, watu watawasiliana.

Ijumaa ijayo turudi kwenye magari ya kuhongwa.